Pumzi Niliyoificha Kwenye Uji

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula uyoga mpaka watoto wakauliza kama nyama bado ipo duniani. Mvua ilianza kunyesha ikasahau kukatika. Kila kichuguu, kutoka Maposeni mpaka huku kwetu ukingoni mwa mji wa Songea, kilivaa kofia nyeupe. Tulikula uyoga kwa ugali, uyoga wa karanga, uyoga uliolala wa jana yake. Mwenye friji aliugandisha, asiye na friji aliuanika juu ya bati mpaka mtaa mzima ukanuka msitu. Ukimuuliza mtu wa hapa mtoto wake wa mwisho alizaliwa lini, atakujibu mwaka wa uyoga, na utajua mara moja kwamba mtoto huyo meno yake bado ni ya maziwa.

Na mwaka huo ndio niliofundishwa kupumua.

Sitanii. Nina wajukuu wenye ndevu. Nimezaa, nimezika, nimelima mahindi kwa jembe la mkono mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu. Shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna siku hata moja niliyosahau kuvuta hewa. Halafu binti mdogo mwenye sare nyeupe akaniambia, mbele ya mkamwana wangu, kwamba kupumua sijui. Mpaka leo nikikumbuka nashika kifua.

Lakini lazima nianze na uyoga, maana bila uyoga hospitali nisingefika.

Mtaani kwetu chungu cha uyoga hakipandi mekoni bila mimi. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo. Wanawake wanatoka porini na ndoo zao kichwani, wanapita milango yao bila kutua, wanakuja uani kwangu: "Bibi, tuhukumie." Namwaga kwenye ungo, nageuza mmoja mmoja, mzuri nauweka kulia, mbaya natupa nyuma ya bega, na hata kuku simruhusu kuudonoa. Kazi hii alinipa mama yangu kule Mpitimbi nikiwa msichana. Alisema uyoga wa kichuguu una ndugu muuaji, wamevaa nguo moja, ukiwatazama usoni watakudanganya, watazame miguuni. Mzuri una mzizi mrefu unaozama chini kama mkia wa panya. Muuaji umesimama ndani ya kikombe kidogo, na kikombe hicho kinabaki ardhini ukiukata kwa kisu. Ndiyo maana wanaokata kwa kisu nawafukuza na ndoo yao nzima, hata awe mke wa mwenyekiti wa mtaa.

Watu wa hapa wamekula kwa jicho langu miaka yote na hakuna aliyelazwa. Wengine wana nyumba za vigae. Mimi nina sifa hiyo.

Sasa, tangu mavuno yaliyotangulia ukungu ulikuwa umeniingia machoni. Kwanza ulikuwa kama moshi wa shamba la mbali, baadaye kama mtu ametundika chandarua mbele yangu akasahau kukiondoa. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuhukumu kwa pua na kwa kidole gumba, na wao waliendelea kusema asante Bibi.

Jumapili moja, tumetoka misa, nilikuwa nimemaliza ungo wa jirani. Watoto wake walishakaa na sahani zao. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho ninayeishi naye, si mtu wa maneno mengi. Aliinama kwenye ule upande wangu wa kulia, upande wa wazuri, akachomoa mmoja.

"Mama, na huu?"

"Huo wa kichuguu. Kwani huoni?"

Alichukua kiganja changu, akauweka humo, akakisogeza kidole changu gumba mpaka chini ya mguu. Nikakigusa kikombe. Kidogo, laini, kimekaa pale kama kilichonunuliwa dukani.

Watoto walikuwa wanagonga sahani kwa vijiko. Nilisikia kila kijiko.

Mkamwana wangu hakupiga kelele. Alimwaga ungo wote chooni, akamwambia jirani umeingia mchanga, akaja na maji na sabuni akaninawisha mikono, kidole kwa kidole, kama mtoto aliyeshika kinyesi. Alipomaliza akasema, "Kesho tunakwenda hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Uyoga," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake tukapanda bajaji. Bahati, hospitalini walikuwepo madaktari wageni waliokuja kwa ajili ya macho tu. Mmoja alinimulika tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi, na kwamba anatolewa, na nitaona kama zamani.

"Mnanilaza usingizi?"

"Hapana, Bibi. Tunalitia ganzi jicho. Wewe unakuwa macho, unatusikia."

Nilimgeukia mkamwana wangu ili aniambie nimesikia vibaya. Hakuniambia. Watu wanaingiza vyuma jichoni na mwenye jicho yupo, anasikiliza. Mbuzi tu tunayemchinja tunamgeuza asione kisu.

Basi nikapelekwa kupimwa presha. Binti nesi akanisalimia vizuri, shikamoo Bibi, nikamwitikia marahaba, akanifunga ule mpira mkononi, ukavimba ukanibana, akatazama namba zake, akaufungua, akaufunga tena mkono wa pili. Akamwita daktari. Wakanong'onezana. Daktari akasema, "Kwa presha hii sikugusi. Damu inaweza kumwagikia ndani ya jicho, tukaharibu badala ya kutengeneza."

"Presha gani? Zahanati ya mtaani kwetu wananipima wananisifu."

"Kule hukuogopa."

"Na hapa siogopi."

Ndipo yule binti akasema lile neno. Alisema kwa upole kabisa, na upole ndio uliozidisha. "Bibi, unazuia pumzi. Tangu nimefunga huu mpira hujapumua."

"Kama sipumui si ningekuwa mochwari?"

"Unapumua kidogo kidogo, juu juu, hapa kooni. Haishuki. Umebana mdomo kama mtu anayevuka mto. Mwili ukibanwa hivyo unadhani kuna hatari, mishipa inakaza, presha inapanda. Tena nahisi si leo tu. Umezoea."

Nilitaka kumjibu, nikagundua mdomo wangu umebanwa kweli. Meno yalikuwa yameumana. Nilipoyaachanisha taya liliuma, kama mtu aliyetafuna muwa siku nzima. Nilishtuka hapo, sitaki kusema uongo. Ni kama mtu akwambie nyumbani kwako kuna mgeni chumba cha nyuma, ukaenda ukamkuta, na amekaa miaka.

Wakanipa vidonge, wakaniambia nirudi baada ya siku chache kabla wageni hawajaondoka.

Siku ya kurudi nilimshika mkamwana wangu kiwiko, tukafuata ile baraza ndefu. Kabla hatujafika kwenye mabenchi nikasikia. Watu wengi, wazee, wanashusha pumzi kwa pamoja. Haaaaa. Kimya. Halafu tena, haaaaa, baraza nzima.

Nilijua mtu amefia mezani. Nilijitoa kwenye kile kiwiko, nikavuta kanga juu ya kichwa, nikaketi chini sakafuni kama inavyotakiwa, miguu nimeinyoosha. "Poleni, ndugu zangu," nikasema. "Nani ametutoka?"

Mabenchi yalilia, watu wakigeuka kunitazama. Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka, sauti nzito ya mtu mnene. "Hajatoka mtu, bi mkubwa. Hapa tunafundishwa kupumua. Lakini ukiendelea kukaa kwenye hiyo sakafu ya baridi, utatoka wewe."

Alikuwa mama mmoja wa Tunduru, wamekuja na mumewe, wakulima wa korosho, naye pia macho. Alininyooshea mkono akaninyanyua. Kumbe yule binti nesi ndiye alikuwa ameketi katikati yao kwenye kiti, anawaongoza: vuta kwa pua taratibu, tumbo lipande, kisha achia polepole mpaka iishe. Alisema wengi presha zinawapanda kwa hofu ya meza, na pumzi ndefu ya kutoka inauambia moyo hakuna simba. Vidonge mnameza vilevile, alisema, hii si badala yake, inavisaidia tu.

"Karibu Bibi, ungana nasi."

Nikasema, "Mimi sishushi pumzi mbele za watu."

Wengine walicheka. Yule wa Tunduru akasema, "Kwani unashusha nini, nguo?" Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Niliyasema maneno yale kama yalivyotoka kwa mama yangu, na hayakuwa maneno ya kuchekea.

Nyumbani kwetu kushusha pumzi kwa sauti ilikuwa ni kuita kifo. Ile pumzi ndefu, ile inayotoka mpaka mabega yanaanguka, ilikuwa na mahali pake pamoja tu duniani: udongo wa mwisho ukishapigwa juu ya kaburi, wanawake wanaishusha mara moja, kwa pamoja, kisha wanajipangusa na kurudi nyumbani kupika. Siku nyingine ukiishusha uani bila maiti, mama alisema, unaonyesha mlango kwa kile kilichokuwa kinapita zake njiani. Nilizabwa vibao kwa hilo. Nimetua mtungi wa maji, jua kali, nikasema haaa, kofi la mgongoni. Dada yangu alizabwa akiwa na mimba. Tulijifunza kuimeza. Tulikuwa tunatua mizigo kimya kama wezi.

Nimemzika mume wangu, nikaishusha pale makaburini pamoja na wenzangu, moja, nikaifunga. Kuanzia siku ile sikuifungua tena. Watoto walipougua, sikuifungua. Walipopona, sikuifungua. Unadhani mtu anaacha jambo kama hilo kwa kuwa nesi ameketi kwenye kiti cha plastiki?

Nikapimwa. Presha ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza.

Daktari hakukasirika, alichoka. Akamwambia mkamwana wangu, si mimi, kwamba wageni wanaondoka Ijumaa, na kwamba wakiondoka hajui watarudi lini, huenda mwaka mwingine, huenda na zaidi, na kwamba jicho la kulia haliwezi kungoja sana. Mkamwana wangu akasema ahsante. Nikasikia akikunja ile kadi yangu, akiikunjua, akiikunja.

Tulipokuwa tunaondoka yule binti akatufuata mpaka nje, kwenye mfereji. "Bibi, nikuulize kitu. Uji wa mtoto ukiwa wa moto, unaufanyaje?"

"Naupuliza. Hata wewe ulipulizwa ndiyo maana umekua."

"Unapuliza kwa nguvu?"

"Ukipuliza kwa nguvu unamrukia mtoto usoni. Unapuliza polepole."

"Na kabla ya kupuliza?"

"Unanusa, kama umeungua."

"Basi kapoze uji, Bibi. Kila siku, asubuhi na jioni. Nusa polepole, tumbo lijae. Puliza polepole, pumzi iishe yenyewe, usiisukume. Ukisikia kizunguzungu umeharakisha, pumzika."

"Na huko si kushusha pumzi?"

"Huko ni kupoza uji," akasema.

Nilimtazama na ule ukungu wangu. Nilimwona kama nguo nyeupe iliyoanikwa. Nikajua ana akili kuliko nilivyompimia.

Nyumbani niliketi jikoni na bakuli. Siku ya kwanza nilipuliza kama mtu anayepuliza makapi ya mahindi kwenye ungo, kichwa kikazunguka, nikashika kinu nisianguke. Jioni nikatuliza. Nanusa mpaka tumbo linasukuma kanga, napuliza mpaka inaisha. Nanusa, napuliza. Wajukuu walikuja wakanitazama mlangoni, wakaondoka. Mkamwana wangu alipita na kuni, akapita tena na maji.

"Mama, huo uji umeshaganda."

"Najua."

"Nikupashie?"

"Ukinipashia nitapoza tena. Niache."

Akasema, "Umepoza vizuri," akaenda zake, nami nikasikia anacheka kule nje na kitambaa mdomoni. Mwanamke yule, mimi sikuwahi kujua kama anacheka.

Ilikuwa siku iliyofuata, jua linazama nyuma ya migomba, nimeketi na bakuli langu. Napuliza, mara nikasikia kitu kinashuka pande zote mbili za shingo. Nikageuka kutazama nani ananigusa. Hakuna mtu. Yalikuwa mabega yangu. Yalishuka, yakakaa mahali pengine, chini, mahali ambapo sikumbuki kuwahi kuyaweka. Sikujua kama yalikuwa juu. Hebu fikiria: unabeba ndoo kichwani miaka yote ya maisha yako, na hakuna ndoo. Vidole vyangu vya miguu, vilivyo baridi tangu ujana, vikapata joto. Nikapiga miayo mpaka machozi yakatoka. Niliogopa, nasema kweli. Nilidhani nakufa, kwa kuwa sikujua jina lingine la mwili kulegea.

Usingizi wa usiku ule sitauelezea. Niliamshwa na jogoo wa jirani, mimi ninayemwamshaga jogoo.

Tukarudi hospitali siku ya mwisho ya wageni. Safari hii nilibeba chupa ya chai, na ndani yake uji wa moto, na kikombe cha bati. Niliketi kwenye benchi pamoja na wenzangu, nikamimina, nikaanza.

Yule mama wa Tunduru alikuwepo, jicho moja limeshafungwa bandeji. Akanigonga kiwiko. "Bi mkubwa, umekuja kutuuzia uji?"

"Sikuuzii."

"Basi kunywa, utapoa."

"Sinywi. Napoza."

"Mtume. Unapoza usichokunywa." Akasikiliza kidogo. Nanusa, napuliza. Alikuwa mwanamke mwerevu. Akanisogelea sikioni: "Sasa huko si kuleee kupumua ulikokukataa?"

"Uji wangu," nikamwambia. "Tazama jicho lako."

Alicheka mpaka mumewe akamwambia astaghfiru, utafumua bandeji.

Binti nesi alikuja na mpira wake. Nikaushika uji kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikampa. Ukabana. Nikanusa. Nikapuliza. Akatazama, akaufunga tena upya, akatazama. Alinifuta uji uliokuwa umeniganda kidevuni, kisha akamwita daktari, na daktari akasema, "Mleteni sasa hivi, kabla hajabadilika."

Uji hauingii chumba cha upasuaji. Hilo sikuwa nimelifikiria. Walinivua viatu, wakanivika gauni linalofungwa mgongoni, wakanilaza kwenye meza nyembamba kama ubao wa kufulia. Baridi. Harufu ya spiriti. Wakanitia dawa jichoni. Halafu, bila kuniuliza, wakanifunika uso.

Waliniambia baadaye kwamba waliniambia. Sikusikia. Nilichojua ni kitambaa kimeshuka, kimenifika kidevuni, kina tundu moja tu la jicho, na kwetu anayefunikwa uso ni mtu mmoja tu. Damu ilinipanda masikioni. Kulikuwa na mashine nyuma ya kichwa inayosema ti, ti, ti, na nikaisikia inaanza kukimbia, titititi, kama kuku aliyemwona kicheche. Nilitaka kupoza uji, midomo ikagonga kitambaa. Hakuna uji. Hakuna bakuli. Nilikuwa maiti ninayesikia.

"Bibi, moyo unakimbia," daktari akasema pale juu. "Ukitulia naendelea. Usipotulia nasitisha."

Nikaona ungo. Nikaona sahani za wale watoto. Nikajua akisitisha, mwaka mwingine nitakuwa mzee anayekaa kivulini na kuambiwa asante Bibi kwa adabu tu, huku ndoo za uyoga zinapita njia ya nyuma kwenda kwa mwingine, au mbaya zaidi, haziendi kwa mtu yeyote.

Na palepale, chini ya kile kitambaa, nikawaza jambo ambalo sijui lilitoka wapi. Aliyefunikwa uso hayuko mbele za watu.

Hakuna anayeniona. Mama amelala Mpitimbi. Na maiti, kama inatakiwa maiti ili pumzi ishuke, si hii hapa, imelala mezani, imefunikwa? Basi mlango wa kuonyeshwa hakuna. Aliyekuwa apite ameshapita.

Nikaishusha.

Sikuipuliza kama uji. Niliiachia. Ilitoka mbali, chini ya kitovu, ilitoka na mitungi yote niliyotua kimya, na mimba ya dada yangu, na siku mwanangu alipopona surua nikasimama mlangoni nimebana mdomo. Ilitoka ndefu mpaka nikajiuliza itaishia wapi. Haaaaa. Kitambaa kikainuka, kikarudi. Nikangoja. Nilingoja kusikia nani ameanguka. Nilitega sikio kabisa.

Ti. Ti. Ti.

"Hapo hapo, Bibi," daktari akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Hakuna aliyeanguka. Nikavuta nyingine, nikaiachia. Niliziachia humo ndani sijui ngapi, mimi na kitambaa, na wao wakafanya kazi yao, na jambo lililonishtua kuliko vyuma vyao ni kwamba dunia ilibaki imesimama.

Asubuhi yake bandeji ilitolewa. Ukuta ulikuwa wa bluu. Nilidhani ni kijivu, wameniacha nikiamini ni kijivu. Binti nesi alikuwa mtoto, mtoto kabisa, ana chunusi kwenye paji la uso, na mimi niliagizwa kupumua na chunusi zile. Mikono yangu mwenyewe sikuitambua. Nilimuuliza mkamwana wangu ni ya nani. Kisha nikamwona yeye. Ana mvi. Pembeni ya masikio, mvi nyingi, na mikunjo miwili kandokando ya mdomo.

"Umezeeka lini?" nikamuuliza.

"Ulipokuwa unahukumu uyoga kwa kidole gumba," akasema.

Nikamshika mkono, kidole kwa kidole, kama alivyoninawisha.

Mvua za mwisho hazikuwa zimeisha. Nilipokatazwa kuinama niliketi kwenye kigoda na wao wakauinua ungo mpaka usoni kwangu. Ndoo ya kwanza ilitoka kwa jirani yuleyule. Niligeuza mmoja mmoja. Wazuri, wazuri, wazuri, na katikati yao, amejikunyata, muuaji na kikombe chake. Nikautupa nyuma ya bega. Jirani akasema asante Bibi, na safari hii nilikubali.

Vidonge vya presha nameza, uji napoza, asubuhi na jioni. Niliporudi hospitali kuangaliwa jicho, baraza ilikuwa imejaa wazee wengine, na mwisho wa benchi kulikuwa na bibi mmoja kutoka Hanga, mkavu, amejifunga kanga mpaka puani, mdomo umebanwa. Niliyaona mabega yake. Yalikuwa juu, karibu na masikio. Binti nesi akanivuta pembeni.

"Bibi, huyo amekataa kabisa. Tafadhali, simama mbele yao uwaonyeshe wewe, kama ulivyofanya kule ndani. Daktari alinihadithia. Ukiwaonyesha wewe watafuata."

Nilifungua mkoba, nikatoa chupa ya chai na kikombe cha bati, nikamwekea mkononi. "Mpe huyo," nikasema. "Mwambie ni wa moto, aupoze."

"Lakini Bibi, si uonyeshe mara moja tu."

Nikatazama benchi lote, uso kwa uso, kila mmoja ninamwona mpaka kope. Nikasema, "Mimi sishushi pumzi mbele za watu."